Yefim Lukich Zyryanov, Fundi wa Sakafu za Joto (1951–2024)

Yefim Lukich alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa Talovka, kando ya mto Yenisei, mtoto pekee wa mpasua mbao. Alisoma kijijini hadi darasa la nane, kisha akajifunza ufundi wa mabomba mjini Krasnoyarsk, akahitimu mwaka 1969.

Mwaka 1976 alimuoa Raisa Petrovna, ambaye miguu yake ilikuwa baridi hata mwezi Julai. Yefim, aliyetandaza mabomba ya joto chini ya sakafu zetu nyingi, alipenda kusema ufundi wake wote ulikuwa kwa ajili ya miguu hiyo.

Kosa lake hakulificha, nasi hatulifichi. Mwaka 2006 alijaza mabomba ya nyumbani kwake kulanti ya lori, dawa ya kupozea injini, ili yasigande. Bomba likavuja. Kulanti ile ni tamu, na ni sumu. Mbwa wake Buyan akailamba, akafa siku ya pili. Mjukuu wake Varya alikuwa akitambaa chumba kilekile. Tangu hapo, kwake alitia maji matupu, na joto halikuzimwa wakati wa baridi. Kwa wateja alitia kulanti isiyo na sumu, baada ya kuionja mbele yao. "Nisichoweza kulamba mimi, hakiingii sakafuni kwako."

Oktoba iliyopita madaktari walimwambia mapafu yake hayatafika mwisho wa majira ya baridi. Akamwita mwanawe Gleb, wamwage yale maji ya mabombani.

"Baba, maji yametutosha miaka kumi na saba."

"Nitakufa wakati wa baridi, mwanangu. Mtanilaza sebuleni siku tatu, mtazima joto, mtafungua madirisha ili nisioze. Mabomba yataganda yapasuke, mama yako abaki juu ya barafu."

"Basi tutie ya lori. Siku hizi hakuna mbwa wala mtoto."

"Yupo mama yako. Leta ile nzito isiyo na sumu, pampu ilalamike itakavyo."

Akaichanganya mwenyewe, akaionja. "Mbaya kama supu ya mama mkwe," akasema, na Raisa akacheka.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Januari. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Alilala sebuleni siku tatu, madirisha wazi.

Leo asubuhi, jeneza lilipotoka, Gleb alifungua valvu ya joto. Hakuna bomba lililopasuka. Jirani aliyebaki kuosha sakafu, kama ilivyo desturi, ametuma neno: imeanza kupata joto, anaosha pekupeku.

Ameacha mjane, Raisa, ambaye jioni hii atavua viatu; mwana, Gleb; na mjukuu, Varya.

Ardhi hii iliyoganda tuliiwashia moto siku mbili ndipo ikachimbika. Haina mabomba. Apumzike humo kwa amani.