Makamu Aliyekataa Kurudi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Makamu wetu wa mwalimu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika shule hii. Wameniomba mimi mpishi nitoe neno la kumuaga, kwa kuwa tulianza pamoja. Kusoma sijui, mhazili anaandika ninavyosema ili awasomee, na nimemkataza kulainisha.

Alifika mwembamba kama ufagio, akapewa darasa la kwanza, watoto tisini, madawati ishirini. Watoto wakamwita Viatu Laini, maana alitokea nyuma ya mtoro bila mlio. Watoro wale leo ni wazazi hapa, na wakipita dirishani kwake bado wanachomekea mashati.

Sasa niseme la moyoni. Miaka sita iliyopita Mkuu wetu alistaafu. Tulimuaga kwa vigelegele, tukamnunulia na kiti cha kupumzikia. Ofisi ilikuwa haki ya Makamu, kila mtu alijua. Mkuu akakaa nyumbani miezi mitatu kama sheria inavyotaka, kisha huyo, karudi kwa mkataba: pensheni mkono huu, mshahara mkono huu. Mkataba ukiisha anapumzika tena miezi mitatu, anarudi. Na miezi hiyo huangukia mitihani. Nani anaendesha shule? Makamu. Mkuu aliacha koti lake kwenye kiti cha ofisini, naye Makamu, kwa adabu zake, akafanyia kazi kwenye stuli pembeni ya meza. Mara sita! Nilimwambia, mdogo wangu, niletee koti hilo nishikie masufuria. Akacheka tu. Heshima ikizidi huwa kamba ya kujifungia. Hilo ndilo kosa lake, na nalisema mbele yake kwa sababu nampenda.

Mwezi uliopita Mkuu alimfuata jikoni kwangu na karatasi: naye astaafu, akae miezi mitatu, arudi umakamu kwa mkataba. Makamu paa lake linavuja, na mwanawe wa mwisho bado yuko chuoni. Mwalimu wa hesabu, ambaye zamu ya kupanda cheo ni yake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, hajui aingie au arudi. Makamu akamtazama, akamgeukia Mkuu.

"Nikirudi mimi, huyu atakaa wapi? Kwenye stuli?"

"Tunazungumzia uzoefu, Makamu."

"Uzoefu nimeshamfundisha. Kunywa chai, Mkuu, inapoa."

Karatasi ikarudi mfukoni bila saini. Mimi nikainamia sufuria la uji, nikafuta macho, nikasingizia moshi.

Mkuu, najua umekaa meza ya mbele unasikiliza. Hatukuchukii. Ila usijidanganye kwamba shule ingeanguka bila wewe. Kila mwaka ilisimama imara bila wewe miezi mitatu, tena wakati mgumu kuliko yote.

Makamu wangu, asante. Ulistahili zaidi ya zawadi hii ya sahani za glasi na picha ya pamoja, na sisi tuliojua tulinyamaza. Aibu hiyo ni yetu. Jumatatu kengele ikilia, usiamke. Geukia upande wa pili, ujifunike vizuri. Tunakuombea usingizi mnono, paa lisilovuja, na uzee usio na mkataba.