Kioo Anakabidhi Ufunguo wa Gari la Wauguzi

Mwenzetu Kioo, dereva wa gari la wauguzi wanaotibu wagonjwa majumbani, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na moja ya kushika usukani, ndoo na kitambaa. Karani yuko likizo, kwa hiyo kalamu imemwangukia mlinzi wa geti, yaani mimi niliyeacha shule kabla shule haijanizoea. Mtanivumilia.

Jina la Kioo alilipata kihalali. Gari lile hupita kwenye vumbi na tope kila siku ya Mungu, lakini asubuhi ungeweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake. Wakati wa kiangazi hakugusa rangi kwa kitambaa kikavu. Alilimwagia maji kwanza, vumbi lisije likaikwaruza. Mvua zikikaribia alilipaka nta, matone yakawa yanateleza kama yameonywa. Ndege akilinyea, alimtukana yeye na ukoo wake wote. Nasi tukampa kikombe cha mfanyakazi bora, mara mbili, bila hata mmoja wetu kuinama kuchungulia.

Maana uvungu hakuwa akiuosha. Tope la miaka lilikaa kule chini, likashika unyevu, kutu ikala taratibu. Siku moja ya mvua, miaka saba iliyopita, metroni wetu, mkuu wa wauguzi, alipanda, akakanyaga, na mguu ukapitiliza zulia na sakafu hadi kwenye dimbwi.

"Dereva," akasema bila kupandisha sauti, "kumbe hili gari lako tunalikimbiza kwa miguu?"

Uwanja mzima tulicheka mpaka tukashika ukuta. Mimi nilicheka kuliko wote, na mdomo wangu mnaujua.

Kicheko kilikauka jioni, tulipoambiwa gari litalala gereji mwezi mzima likichomelewa. Wagonjwa wa karibu wauguzi waliwafuata kwa miguu, Kioo akiwabebea mkoba wa dawa, akipitia geti la nyuma asituone. Wa mbali walisubiri tu. Mmoja wao ni bibi mwenye kidonda cha mguu, na kidonda kile, kilichokuwa kimeanza kufunga, kilioza upya.

Tangu hapo kazi ya Kioo huanzia chini. Hulala chali na mpira wa maji, akatoa tope nyuma ya matairi, akaacha pakauke, akapaka dawa ya kuzuia kutu. Boneti baadaye, muda ukibaki.

Ila nyumbani kwa yule bibi hakuwahi kuingia. Aliwafikisha wauguzi, yeye akabaki nje akifuta kioo kisicho na doa. Juzi, katika mzunguko wake wa mwisho, metroni alimsukuma mpaka ndani. Kofia mkononi, Kioo akakiri kwamba mwezi ule gari liliharibika kwa uzembe wake.

Bibi akamtazama. "Kumbe ni gari? Mwanangu, mimi nilidhani nanuka, wauguzi wamenikimbia."

Kioo aliomba ashike beseni kidonda kikioshwa, akalishika mpaka mwisho.

Kioo, asante kwa kutufikisha. Aibu ile usiondoke nayo yote. Sisi tuliogawa vikombe tuachie fungu letu. Nenda nyumbani salama, shemeji akupokee kwa furaha, afya ikukae, na usingizi wa mchana uuzoee.