Papa Védaste Hakutoboa Mpira Wowote

Jumamosi hii, tarehe 29 Machi 1958, Papa Hategekimana Védaste anamaliza kazi baada ya miaka ishirini na saba katika depo yetu ya dawa hapa Goma. Miaka ishirini na saba ya kuendesha velo, yaani baisikeli, na karibu yote juu ya mawe ya volkano. Nimeombwa niandike karatasi ya kuchangamsha sherehe. Nitajaribu, lakini nasema mapema kwamba nina hasira, na sababu yake nitaieleza humu humu.

Aliingia kazini mwaka 1931, kijana kutoka milima ya Masisi ambaye hakuwa amewahi kupanda velo. Alipewa velo namba 7, na ameitunza mpaka juzijuzi. Kwa velo hiyo alipeleka kinini na dawa za minyoo Sake, Kibumba, Rutshuru na Kiwanja. Mara moja alifika hadi Vitshumbi, ambako wavuvi walimfungashia samaki wengi hivi kwamba depo ilinuka wiki nzima. Chupa alizovunja nazikumbuka mbili tu, na moja iliangushwa na mbuzi.

Sisi matarishi wote ni wanafunzi wake. Siku ya kwanza anakuambia ubonyeze tairi kwa dole gumba. Likibonyea, rudi kwenye pompa. Halafu anakufundisha kugawa mzigo mbele na nyuma, kutazama njia mbali, kushika breki kabla ya jiwe na kuiachia unapolifikia. Hapo unainuka kidogo kwenye kiti, magoti na viwiko vimelegea, unanyanyua gurudumu la mbele, na la nyuma linapita bila uzito wako. Alikuwa anasema kwamba mutu anayekaa kama gunia la viazi, velo itamukatalia. Mtihani ulikuwa mayai matatu ya Mama Pascasie, mke wake, yanayotiwa mfukoni mwa shati: unakwenda Munigi na kurudi. Mimi nilirudi na shati la njano mara nne, na Mama Pascasie hajaacha kunitania mpaka leo.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Mwaka 1952, bwana mkuu wa depo wa wakati ule, mtu aliyeijua barabara ya Sake kupitia dirisha la gari, alitoa sirkulere, amri ya maandishi kwa wote, kwamba matairi yote yapigwe pompa nusu, eti mpira wa ndani uliojaa unachakaa upesi. Papa Védaste alimwonya kwa heshima, akaambiwa kazi yake ni kukanyaga pedali. Kabla ya wiki mbili kwisha, mipira kumi na mmoja ilikuwa imetoboka, wa kwanza ukiwa wangu, na kila mmoja ulikuwa na matundu mawili madogo, moja kando ya jingine. Bwana aliipanga mezani kwake, akaikagua, akaamua kwamba tumeichoma kwa uma wa kulia ili tupate siku ya kupumzika. Uma! Wengi wetu nyumbani hatukuwa hata na uma.

Alimtaka Papa Védaste, mkubwa wetu, ataje wakosaji. Papa alijibu kwamba wakosaji hawapo. Basi kosa akaandikiwa yeye, kwa wino, katika dosye yake, faili lake la kazi: kwamba ametoboa mali ya kazi kwa makusudi. Sisi kumi na mmoja wenye mipira ile tuliujua ukweli, tukanyamaza, kila mtu akiogopa kufukuzwa. Na mimi, ambaye mpira wangu ulikuwa wa kwanza, nilinyamaza kuliko wote.

Mzee hakupiga kelele. Aliomba asubuhi moja tu. Aliweka jiwe la volkano katikati ya uwanja wa depo, akafunga kasha la chupa nyuma ya velo yake yenye pompa nusu, akapita juu ya jiwe akiwa amekaa. Hewa ikatoka. Alipoufungua mpira, matundu yalikuwa mawili, kando kwa kando. Akatuonyesha jinsi jiwe linavyolisukuma tairi legevu mpaka mpira unabanwa kwenye kingo mbili za rimu, na kila ukingo unauma mahali pake. Akauziba, akapiga pompa mpaka dole gumba likashindwa, akapita juu ya jiwe lile lile akiwa ameinuka kwenye kiti. Mpira ulibaki mzima.

Bwana aliona yote kwa macho yake. Kesho yake ilitoka sirkulere mpya ya pompa kamili, bila jina la Papa Védaste, na mstari ule katika dosye ukaachwa kama ulivyo. Akili ya mzee waliichukua, jina lake wakaliacha na uchafu. Mabwana wengine wawili wamekuja baada ya yule, Papa amewaandikia wote, na wote wamejibu kwamba kilichoandikwa kimeandikwa.

Hapa kwetu, tarishi anayestaafu na dosye safi huondoka na velo yake. Wiki iliyopita Papa Védaste aliambiwa airudishe namba 7, kwa sababu ya mstari ule. Aliirudisha imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta, matairi magumu kama inavyopasa. Mimi nilikuwepo, nikaona aibu ambayo ningepaswa kuiona miaka sita iliyopita.

Kwa hiyo karatasi hii si ya sherehe peke yake. Kati ya wale kumi na mmoja tumebaki tisa, na sote tisa tumetia sahihi chini yake: hatukuchoma mpira wowote, na Papa Védaste pia hakuchoma. Tunaomba iwekwe katika dosye yake, juu ya mstari ule.

Asante, papa, kwa mikono yetu uliyoiokoa isichubuke, kwa mayai, na kwa majina yetu uliyokataa kuyatoa. Tunakuombea wewe na Mama Pascasie afya na miaka mingi ya utulivu. Na Jumamosi, kwa kuwa wewe utarudi nyumbani, mtaa wa Mapendo, kwa miguu, velo zetu tutazisukuma kwa mkono pembeni yako. Hakuna atakayepanda.

Sibomana Laurent, tarishi, velo namba 12, pamoja na sahihi za wenzangu wanane