Usiku Mmoja wa Fumika

Benchi letu liko kwenye kona ya barabara inayoshuka kuelekea hekaluni, hapa Narita, kati ya mkahawa wa Mzee Isaburo na mashine inayouza kahawa za makopo. Mzee anachoma mkunga, samaki yule mrefu wa mtoni anayeteleza mkononi kama sabuni. Wenye benchi ni Mama Achari, muuza mboga za chumvi wa ng'ambo ya barabara, na Rubani, aliyeendesha trekta la mizigo uwanja wa ndege mpaka akastaafu bila kupanda ndege hata moja. Mimi, Chizu, Mzee alinichukua jikoni nilipoacha shule, na kukitulia hutoka kukaa nao. Alasiri ile Mzee mwenyewe alikuwa ametoka, amesimama mbele ya benchi na aproni yake, simu mkononi. Hilo si kawaida yake.

Ujumbe ulikuwa wa binti yake, Fumika, aliyeondoka nyumbani miaka mingi nyuma kwa maneno makali na hakurudi. Mzee aliusoma kwa sauti, halafu akaurudia.

— "Napita Narita. Nalala usiku mmoja, kesho asubuhi naendelea Mexico. Nitakuja kula. Usijisumbue."

Hilo "usijisumbue" ndilo lililomnyima amani. Alitaka kujua ni upole au ni kofi.

— Ni upole, alisema Mama Achari.

— Ni kofi, alisema Rubani. Lakini kofi la mtu mwenye njaa. Mlishe vizuri, yataisha.

Mzee alisema ndege imeshatua, basi wamlishe nini, waseme upesi. Sauti yake ilikuwa kavu. Mkunga alikuwa tayari, amekaa kwenye pipa la maji safi kutoa harufu ya tope, lakini mkunga hapasuliwi kabla mlaji hajafika. Akikaa muda mrefu baada ya kuchomwa, ngozi inakuwa kama mpira.

Rubani akachukua uongozi. Alivyoona yeye, mtu mwenye usiku mmoja Japani hawezi kuupoteza kwa sahani moja. Fumika aanzie kwa samaki mbichi, wa kuliwa mtu akiwa amesimama. Kisha tambi za supu kule nyuma ya stesheni, kisha mkunga, na alfajiri akimbizwe sokoni akale jodari kabla ya kupanda ndege.

— Na alale wapi katikati ya hayo? aliuliza Mama Achari.

— Atalala kwenye ndege. Ndege ina viti vya kulala.

— Umevijulia wapi wewe, kwenye trekta?

Mama Achari alisema tumbo lililotoka angani limevimba kama puto, halitaki sherehe. Linataka wali, chai ya moto juu yake, na achari. Achari zake yeye, bila shaka. Rubani akasema mtoto hajavuka bahari kuja kula chakula cha mgonjwa. Akaja na jipya: anamjua dereva wa basi la hoteli, wapakie jiko la mkaa nyuma, Mzee achome huku wakimfuata Fumika anakotaka.

— Mtachoma basi, alisema Mama Achari. Nisikilizeni mimi. Shida si chakula, shida ni usiku kuwa mmoja. Akija, Chizu ampokee mzigo. Pasi ya kusafiria aitie kwenye pipa la mchele. Kesho ataitafuta, ndege itaondoka, tutakuwa na wiki nzima ya kumlisha.

Alinitazama. Nilijua anatania, ila hakucheka. Na Mzee hakukataa. Aliitazama simu tena, na hilo lilinitisha kuliko basi la Rubani.

— Mzee, nilisema, mimi siwezi kuficha kitu cha mtu.

— Hakuna atakayegusa pasi ya mwanangu, alisema mwishowe, polepole, kama mtu anayejikataza mwenyewe.

Rubani akaenda kubonyeza mashine apate kahawa ya kututuliza. Taa nyekundu, yaani imeisha. Akabonyeza ya pili, nyekundu tena. Wakati huohuo likasimama gari la vinywaji, akashuka mama mmoja wa makamo ambaye hatukuwahi kumwona. Alisema yeye ndiye mpya wa njia hii, na samahani, leo ameleta chai tu, kahawa imeisha ghalani. Mama Achari hakumwacha afungue hata mlango wa mashine. Alimweleza yote: binti, usiku mmoja, jodari, wali wa chai, mkunga. Aamue yeye, maana hana upande.

Mama yule alisikiliza huku akipanga makopo.

— Na atakula na nani?

— Na nani vipi? alisema Rubani. Si anakula kwa baba yake?

— Nimeelewa. Nauliza mezani. Atakaa na nani?

Sote tulimgeukia Mzee. Kazi yetu ndivyo ilivyo: anayechoma hakai mpaka mteja wa mwisho atoke. Pale mwisho wa kaunta, ukutani, kuna kiti kidogo cha juu ambacho Mzee hataki mtu akisogeze. Fumika alikuwa akila chakula chake pale utoto wake wote, akitazama mgongo wa baba yake. Mzee alipokuwa akimaliza, mtoto alikuwa ameshalala.

Mzee aliingia ndani. Tukamsikia akiburuta kiti cha pili. Alipotoka alikuwa na kipepeo cha kupepea mkaa mkononi, kile ambacho mimi sijawahi kuruhusiwa kukishika.

— Chizu. Leo utachoma wewe.

— Mzee, ataungua, alisema Rubani. Mwenyewe ulisema kuchoma hujifunzwa maisha mazima.

— Ataungua kidogo, alisema Mzee, akanipa kipepeo.

Jua lilipokuwa linashuka, Fumika aliteremka barabara akivuta sanduku. Alifika mlangoni akasimama. Mzee alikuwa amekaa upande wa wateja, kando ya kile kiti kidogo, mikono yake hajui aiweke wapi.

— Nani anachoma? aliuliza Fumika.

— Chizu.

— Anajua?

— Hajui.

Mimi nilipepea bila kugeuka, moshi machoni. Kisha nikasikia kiti kikivutwa.

Niliwapelekea mabakuli. Mchuzi ulimwagika pembeni. Fumika alimgeuza mkunga kwa vijiti.

— Huku ameungua, baba.

Mzee alinyoosha vijiti vyake, akaukata upande ulioungua, akauweka kwenye bakuli lake mwenyewe.

— Kula, alisema. Na mimi nakula.