Chupa Yenye Kizibo cha Gunzi

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, wanywa kahawa wa Ujiji walikuwa na benchi moja refu, buli juu ya mkaa na, chini ya benchi, chupa ya kijani yenye kizibo cha gunzi. Hiyo ilikuwa dawa ya presha. Ilianza na majani ya mama mmoja wa kijiji cha Mwamgongo, kisha kila mtu akaongeza ya kwake, mpaka ikawa mali ya wote. Asubuhi moja chupa ilikuwa magotini kwa Bonifasi, muuza mawese. Vidonge vya hospitali vilikuwa mfukoni mwake. Kisogo kilimgonga tangu alfajiri, na muuguzi alikwisha kumwonya: akiviacha, ataanguka.

— Mbona unaitazama kama mchumba? Kunywa! — alisema Oswald, aliyeitwa Redio kwa kuwa habari hazikumpita.

— Muuguzi kasema nisichanganye.

— Basi usichanganye. Tupa vidonge.

— Vidonge vinatoka wapi? Ulaya, — alidakia Zefania, balozi wa nyumba kumi, ambaye kijiweni jina lake lilikuwa Siasa. — Tunajitegemea kwa jembe, tushindwe kujitegemea kwa presha?

Feliksi, aliyewahi kuchochea moto melini na kurudi akiitwa Kapteni, aliweka kikombe chini.

— Hamjui mashine nyie. Mwili ni boila. Mvuke ukizidi, unafungua koki. Mimi nikinywa hiyo, nakojoa usiku kucha. Ndiyo koki yenyewe!

— Na daktari je? — aliuliza Bonifasi.

— Daktari ana kipimo tu. Anasoma mvuke, kuutoa hajui.

— Na hicho kipimo ndicho kinachopandisha presha, — alisema Redio. — Kile kitambaa wanachokubania mkono. Kabla hujabanwa, ulikuwa nayo?

Bonifasi alifikiri. Kweli, kabla ya kubanwa hakuna aliyemwambia anayo. Wazo hilo likamtuliza, kisha likamtisha, maana alijua analikubali kwa sababu analitaka.

— Mtazame mwenzetu Kalisti, — alisema Siasa. — Alikunywa mwezi mzima, chupa ikiisha tunamjazia. Leo yuko Kidahwe, analima shamba la kijiji kama kijana.

— Umemwona?

— Kila aliyehamishwa lazima nimwone? Angekuwa mgonjwa si angerudi mjini!

Bonifasi akang'oa gunzi. Harufu ikapanda, chungu, kama gome lililooza. Akamimina kwenye kikombe cha kahawa, akapiga funda moja.

— Shikamooni, wazee.

Mbele yao alisimama mwanamke mwenye vumbi mpaka magotini.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Mimi Melania, binti wa Mzee Kalisti. Jana tumemleta hospitali kwa lori la kijiji. Kavimba mwili mzima, mkojo umekata. Daktari anauliza alikunywa nini. Baba kasema ni dawa ya hapa.

Redio alijibu wa kwanza.

— Ni majani ya Mwamgongo.

— Majani gani?

— Yule mama hayataji. Anasema yakitajwa, nguvu inatoka.

— Mimi nilitia mzizi, — alisema Kapteni.

— Mzizi wa nini?

— Nilipewa na shemeji.

Melania akamgeukia Siasa.

— Unga, — alisema Siasa. — Mweusi.

— Kiasi gani?

Siasa alikitazama kiganja chake, akakikunja.

— Basi ndani ya hiyo chupa kuna nini, wazee wangu?

Buli lilichemka.

Bonifasi akamwaga kikombe mchangani, akalikandamiza gunzi kwa kiganja na kuinuka. Dunia ikamzunguka, akashika ukuta mpaka ikatulia.

— Twende, mwanangu. Wakaiangalie wenyewe. Na mimi waniangalie, nimeshaionja.

— Bonifasi, hiyo ni ya wote! — alisema Siasa.

— Basi njooni wote.

Waliobaki walimtazama akivuka barabara, chupa kaikumbatia kifuani. Kapteni peke yake hakutazama huko. Alikuwa amevua kiatu, amebonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu kilichovimba, na sasa anasubiri shimo lililobaki kwenye ngozi lijae. Alisubiri, na halikujaa.