Ignas Makoye Bujiku, Aliyewapeleka Watu Kuliona Ziwa

Marehemu Ignas Makoye Bujiku, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Ritha, alizaliwa Isaka tarehe 3 Machi 1975. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Makoye Bujiku, mpakiaji wa mizigo pale stesheni, na marehemu mama Klara Ndaki. Alibatizwa mwaka huohuo. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa upande wa reli usiokuwa na bomba, kwa hiyo maji yalitekwa kwa foleni: ndoo zilipangwa tangu alfajiri, na mtoto aliyepoteza nafasi ya ndoo ya mama yake alirudi nyumbani kuchapwa. Ignas alichapwa sana, maana kila treni ilipopita aliacha ndoo akaenda kuitazama.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Isaka, kuanzia mwaka 1984 hadi 1990. Jiografia aliipenda. Hesabu zilimkataa, naye akazikataa, na nafasi ya sekondari hakuipata. Desemba ya mwaka aliomaliza, mjomba wake alimchukua kwa treni hadi Mwanza kumpoza moyo, akamsimamisha mbele ya Ziwa Viktoria. Ignas alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, foleni iko wapi?" Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Kisa hicho kilisimuliwa kila Krismasi kwetu, na Ignas hakukichoka. Alikuwa akisema kwamba hakutania. Hadi siku ile alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri kisichokuwa na foleni wala mwenyewe.

Mwaka 1994 alikwenda Rwamgasa, upande wa Geita, kutafuta dhahabu, kama vijana wengi wa rika lake. Alianza kwa kushuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, akiwa timu moja na Masudi, kijana wa Kigoma aliyekuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Baadaye akahamia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na huko alikaa hadi mwaka 2008. Wanaoijua karasha wanajua vumbi lake. Mtu akitoka pale jioni huwezi kumtambua, awe mzee, awe kijana, wote ni weupe kama waliomwagiwa unga. Ignas alijifunga kipande cha kanga mdomoni akaona kinatosha. Hakuna aliyewaambia kwamba hakitoshi.

Kilichomtoa Rwamgasa hakikuwa ugonjwa. Duara la jirani lilibomoka asubuhi moja mwezi wa nne, na Ignas akawa mmoja wa walioingia kutoa miili. Mdogo kuliko wote waliotolewa alikuwa mtoto wa mwenye duara mwenyewe. Jioni hiyo alipanda gari akarudi Shinyanga, akamwambia mke wake maneno ambayo familia nzima iliyajua: "Mama Ritha, katika watoto wangu hakuna atakayeingia shimoni wala kusimama kwenye karasha. Nitafanya lolote, lakini hilo hapana." Ndugu waombolezaji, mengine yote tutakayoyasoma hapa aliyafanya kwa ajili ya neno hilo.

Mke huyo ni Serafina Mayala, aliyefunga naye ndoa kanisani mjini Shinyanga tarehe 19 Oktoba 2002. Walijenga Kambarage, vyumba viwili kwanza, kisha vinne. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ritha, Cornel na Juliana. Serafina alikuwa akishona nguo barazani, na mume akikaa karibu ya cherehani akipiga soga mpaka wateja wakasahau walichofuata. Walipendana kwa namna ya kutaniana. Mwaka 2009 Ignas alipomweleza kwamba amepata kazi mpya, ya kuwachukua watu kutoka Shinyanga na Geita kwenda kutembezwa kando ya Ziwa na kurudi siku hiyohiyo, Serafina alisimamisha cherehani.

"Yaani watu wazima wapande gari kwenda kuangalia maji?"

"Maji na mawe."

"Baba Ritha, mawe umeyaangalia miaka kumi na minne."

"Nilikuwa nayasaga. Kuyaangalia bado."

Na kweli walikuja. Walikuja walimu, manesi, kwaya za parokia, maharusi wa jana yake, wazee waliozaliwa nyuma ya vilima vya Geita wakafika kuwa na wajukuu bila kuliona Ziwa. Safari yake haikubadilika. Gari lilisimama kwanza juu ya kilima kabla ya Nkome, ili wageni walione Ziwa lote kwa mara moja, na hapo Ignas alinyamaza kwa makusudi akiwatazama nyuso. Kisha walishuka mwaloni kwa wavuvi, boti zikiwa ndiyo kwanza zinarudi, wakala sato wa kukaanga kwa mama Rhoda, ambaye yuko nasi hapa leo. Mchana walipanda boti hadi rasi ndogo ya Nyamihanga. Mawe ya Nyamihanga yalikuwa yamepandana makubwa kwa madogo hadi juu, na mnandi walikaa juu yake wakikausha mabawa, wamejaa hata jiwe halionekani. Kenge waliota jua bila kumjali mtu. Maji yalikuwa safi, mtu aliona vidole vyake vya miguu.

Hapo alikuwa na utaratibu wake, na hakumsamehe mgeni hata akiwa padri. Kila mmoja alivua viatu, akazima simu, akachagua jiwe lake, akakaa juu yake kimya hadi Ignas aseme basi. Dada yake Asteria, anayeusoma wasifu huu, alikwenda mara moja na alikaa dakika chache tu akaanza kuuliza chakula kiko wapi. Ignas alimkatalia kupanda boti ya kwanza kurudi. Alimwambia, "Wewe umezoea foleni. Kaa." Watoto wake wote watatu walikulia kwenye safari hizo. Ritha alisoma ualimu. Cornel alipenda kazi ya baba yake kuliko wote, akawa anayajua majina ya ndege, na mwaka 2021 alipelekwa chuo kusomea utalii. Kwa mara ya kwanza Ignas alionekana akitembea mtaani Kambarage kama mtu aliyemaliza kazi.

Kuna kundi moja tu ambalo lilikuwa halijaenda Nyamihanga, nalo ni wenzake wa Rwamgasa. Jambo hilo lilimuuma. Alisema watu wale wanakaa karibu na Ziwa kuliko sisi, lakini wanachokiona ni ukuta wa shimo na kiatu cha mwenzao. Aliwaalika bure, sikukuu ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti 2022. Walikuja wamevaa vizuri, wamepaka mafuta, wanatania njia nzima. Masudi alikuwa amekaa kiti cha mbele. Walikula, wakapanda boti, wakavua viatu. Ignas akawapangia kila mtu jiwe lake, akawaomba wanyamaze.

Mchimbaji hajui kukaa juu ya jiwe bila kulisoma. Ignas alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na siku hiyo, kwa furaha ya kuwaona wenzake pale, halikumjia akilini. Kimya kikiwa bado kinaendelea, Masudi aliokota kipande kilichomeguka karibu na mguu wake. Akakilamba, kama wanavyofanya wote ili jiwe likilowa lionyeshe kilichomo. Akakigeuzia jua. Halafu akampa Ignas.

Ignas naye akakilamba.

Alilieleza jambo hilo mara nyingi baadaye, na kila mara alilieleza kama mtu asiyeamini mkono wake. Hakukusudia. Jiwe lilipofika kiganjani, mazoea ya miaka kumi na minne yalilipeleka mdomoni. Akaliangalia juani. Wenzake wakamwona uso, na waliujua uso huo tangu Rwamgasa.

"Ignas," Masudi akasema, "jiwe hili si linaongea?"

"Liache lilipo, ndugu yangu. Tumekuja kukaa tu hapa."

"Sasa tutakaaje?"

Hapo ndipo safari ilipoishia. Kabla wiki haijakwisha rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ilikuwa imefumuka Nyamihanga. Watu walikuja kwa boti, kwa pikipiki, kwa miguu, na maturubai yakapanda hadi juu ya kilima. Mawe yalipigwa baruti. Mnandi waliondoka siku ya kwanza na hawakurudi. Maji ya pale ufukweni yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na wavuvi wakahama upande huo. Ignas alikwenda kwa viongozi wa kijiji kuomba walau sehemu ya mbele iachwe. Alikuta wamemwandalia kiti. Walimshukuru, wakamwambia wabeja sana, mzee wetu, umetufungua macho, na duara la kwanza tumekutengea wewe. Alikataa duara, akakataa na soda. Alitegemea kulaumiwa akakuta anashukuriwa.

Wachimbaji wana desturi ya kuupa mgodi mpya jina la aliyeuona kwanza. Kwa hiyo Nyamihanga haiitwi tena Nyamihanga. Makondakta wa magari ya Nkome wanaita "Kwa Ignas, Kwa Ignas, wawili waondoke!" na abiria wengi hawajui kama huyo Ignas alikuwa mtu gani, mzima au maiti. Siku moja alilisikia jina hilo akiwa kituoni Geita. Alirudi nyumbani akalala na viatu.

Wageni wa safari walikoma. Gari liliuzwa. Ada ya chuo ya Cornel ikasimama, na mwezi Machi 2023 kijana alirudi nyumbani. Alikaa wiki chache, kisha akaaga kwamba anakwenda kutafuta kibarua Geita mjini. Familia ilikuja kujua baadaye kwamba yuko Kwa Ignas, kwenye karasha, na kwamba amepewa kazi haraka kwa sababu ya jina lake. Baba alimpigia simu. Juliana, aliyekuwa chumbani, alisikia upande mmoja tu. "Rudi, mwanangu. Rudi tule ugali mtupu." Kisha kimya. Kisha, "Sijakulaumu. Nimesema rudi." Cornel hakurudi. Alianza kutuma matumizi ya nyumbani, na ukweli usemwe mbele ya jeneza hili, matumizi hayo ndiyo yaliyomtibu baba yake.

Ugonjwa ulianza kujitokeza mwaka 2019 kwa kikohozi. Alipewa dawa za kifua kikuu akazimaliza, akapewa tena akazimaliza, kikohozi kikabaki. Mwezi Septemba 2023 picha ya kifua ilionyesha kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe, la tangu Rwamgasa, na daktari alimweleza Serafina kwa upole kwamba vumbi hilo halina dawa, halitolewi, na linaendelea kukaza hata mtu akiwa ameacha kazi siku nyingi. Ignas aliuliza swali moja tu: mtu akisimama kwenye karasha mwaka mmoja, linakuwa limeshaingia? Daktari alisema inategemea. Tangu siku ile hakuuliza tena habari za kifua chake mwenyewe.

Mwezi Aprili mwaka huu aliomba apelekwe akaone. Juliana alikodi gari wakaenda. Juu ya kile kilima kabla ya Nkome alimwomba dereva asimame, na Ziwa lilikuwepo, limetulia. Lakini walipofika rasini, magwangala, hayo mabaki ya mawe ya mgodini, yalikuwa yamerundikwa juu kuliko nyumba, na kutoka garini maji hayakuonekana. Hakuweza kushuka. Alishusha kioo akaanza kuwatembeza: hapa ndipo tulipokuwa tunavua viatu, pale kenge, kule juu mnandi. Aliongea kwa vipande, akipumua katikati ya neno. Dereva, kijana mstaarabu, aligeuza shingo kila alikoonyeshwa. Mwishowe aliuliza, "Samahani, mzee, sasa hapo tunaangalia nini?"

Ignas alimwambia, "Nilitaka kumwona mwanangu."

Cornel aliitwa akaja. Alikuwa mweupe kichwani hadi miguuni. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, na baba yake akampangusa uso kwa kiganja, taratibu, mpaka mahali padogo shavuni pakaonekana rangi yake. Karasha ilikuwa inasubiri mtu wake.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Kambarage, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, akiwa ameketi kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda. Mkewe alikuwa amemshika mgongo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Anazikwa leo Isaka, pembeni ya wazazi wake.

Ameacha mjane, Serafina, watoto watatu, mjukuu mmoja, mtoto wa Ritha, dada wawili na kaka mmoja. Masudi ametuma ubani na salamu. Ameshindwa kufika kwa sababu naye hapumui vizuri.

Cornel yuko hapa, amesimama upande wa kichwani pa kaburi. Jana mama yake alimpigia magoti mbele ya wazee, akamwomba asirudi kule. Wazee wakaongeza, dada zake wakalia. Cornel alimwinua mama yake, akamkalisha kwenye kiti, akamfunika mabega kwa kanga yake. Gari lake la kurudi kule linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ndugu waombolezaji, mliokaa karibu naye mmemsikia usiku kucha, na sisi tumemsikia. Ni kikohozi kilekile.

Pumzika, Ignas. Ulichoka kweli.