Waliotoka Tumboni mwa Zimwi

Ngano hazisimuliwi mchana, msimulizi huota mkia. Lakini Huseni, muuza mitumba aliyekalia robota lake ndani ya pantoni, alisema siku hizi kila kitu ruksa. Mwanamke aitwaye Kijakazi, aliyekuwa akivuka Mto Rufiji kwenda kwa mume wake mpya, akatega sikio.

Bi Tatu wa Mtunda, abiria mwenzao, alishikilia kwamba katika nchi ya ngano hapakuwa na enzi mbaya kama zile za zimwi. “Lilimeza watu, mbuzi, hata kinu na mchi wake! Shida gani tena, mwanangu?”

“Shida ilianza lilipouawa, mama,” Huseni akajibu. “Tumboni kulikuwa na giza, sawa, lakini hapakuwa na mgambo wa kodi. Lilipopasuliwa, wakatoka wote kwa mpigo. Babu anadai shamba lake, mjukuu kashapanda mihogo. Mume aliyesomewa hitima anapiga hodi, na mke keshaolewa!”

“Astaghfirullah! Basi mke ni wa nani?”

“Hapo ndipo wazee walipotamani zimwi lifufuke.”

Abiria wakacheka, isipokuwa Kijakazi. Mumewe wa kwanza alikwenda kukata mikoko Kiongoroni, mashua ikarudi bila yeye, hitima ikasomwa.

Pantoni ilipogusa ukingo, Bi Tatu alikuwa bado akibisha, huku akikagua suruali ya Huseni kama mkia umeanza. Ng'ambo wanaume kadhaa walisubiri kuvuka. Kijakazi akaficha mikono yenye hina ndani ya kanga, akawatazama mmoja mmoja, akiliomba zimwi, Mungu amsamehe, lizidi kufumba mdomo.